Zamu ya Nyumba Yetu

Mjukuu wangu Salumu,

Nakusalimu kutoka Kasongo. Mvua haijatuacha, na shangazi zako wanakuombea masomo mema. Usicheke nikikuita mjukuu. Mdogo wa bibi yako ni bibi pia, hata akiwa kijana kama mimi.

Unauliza mita unayotaka kuunda, ya kugawa umeme wa jua bila mtu, ijue nini kwanza. Zamani, kabla ya kuzima jenereta ya mtaa, fundi alipita akiita, "Nani iko na mugonjwa?" Ulipokuja umeme wa jua na mita zenye akili, zinazokata na kuwasha zenyewe, hakuna aliyepita tena. Alasiri ile ya mawingu, umeme ulipopungua, mita iliikatia nyumba yetu kwa zamu, kama ilivyopangwa. Mashine ya oksijeni ya dada yangu, bibi yako, ikanyamaza. Nilikimbia kwa fundi. Niliporudi, dada alikuwa ameshatuacha.

Jirani yetu alilia mlangoni: "Kwangu umeme ilikuwa inawaka, dada! Friji inapoza soda! Si tungevuta waya toka kwangu?"

Mita haikukosea hesabu. Ukiunda yako, weka kitufe cha kusema, "Kwetu iko mugonjwa." Kisha weka mtu wa kusikia.

Bibi yako mdogo,
Mwajuma