Kisigino cha Mama

Nyumba ya Ngazi ya Nje,
Nyuma ya Karakana ya Viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko? Shemeji je, na Kibonge wenu ameacha kukohoa? Ningependa kukwambia kuwa sisi sote tu wazima, lakini ningekudanganya.

Ile chupa ya vitamini D uliyomtumia Mama imo kabatini, pamoja na glasi za wageni. Cheti changu cha ufundi wa maabara kiko chini ya godoro. Silalamiki, nakueleza tu mambo yalivyo.

Ulimwambia kwamba vitamini ya jua huzuia saratani ya ngozi. Basi kila asubuhi huacha cherehani yake, huburuta kiti hadi barazani na kulianika lile doa jeusi la kisiginoni, analodai limeletwa na pedali. Halafu hutoboa kidonge kwa sindano na kulipaka doa mafuta yake. Nilipomwambia vidonge humezwa, alinijibu mbele ya wateja, "Wewe si unapima mikojo ya watu? Mwenzako ameona dunia." Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikakuchukia mchana kutwa.

Mwezi uliopita nilimfikisha hospitalini kwetu kwa hila, eti anisaidie kuchagua sare. Daktari wa ngozi akakata kipande cha lile doa. Majibu niliyaona mimi kwanza. Ni saratani, Dada, ile inayoota hata kwenye nyayo, pasipofika jua. Vitamini D yake kweli iko chini, na daktari amesema ameze vidonge kwa ajili ya mifupa. Kama upungufu huo una mchango wowote katika saratani, wataalamu bado wanabishana. Lakini kidonge hakiiondoi, wala jua. Dawa yake ni kisu, na kwa kuwa haijasambaa, kisu kitatosha tukiwahi.

Amepangiwa upasuaji tarehe 28. Amekataa. "Mpaka dada yako aseme."

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Mimi ndiye ninayemwosha miguu. Mimi ndiye niliyeliona doa. Nilitaka nimwokoe mimi, peke yangu, ili angalau mara moja jina langu litangulie lako. Jana nikamtazama akishona, akikanyaga pedali kwa vidole ili kisigino kisiguse chuma, nikaona aibu.

Mpigie, umwache akueleze mwenyewe habari ya upasuaji. Sikukupigia mimi kwa sababu ningesikia sauti yako tukagombana. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie umefikiri mwenyewe, ukaona kisu ni bora. Atakusifu mtaa mzima usikie. Nami nitaitikia.

Mjomba fundi saa anakusalimu. Msalimie shemeji, umbusu Kibonge. Mungu akutunze, na aupe ulimi wako uzito ulionyimwa wangu.

Mdogo wako,
anayekupenda hata leo.