Kosa Si Gunia la Muhogo

Koboko, sokoni

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Candia wa Aroi,

Nakusalimu kwa heshima, tena kwa Kiswahili chako cha kambi ya jeshi, ulichotufundisha kwa fimbo. Goti linaendeleaje? Muhogo umekauka, au mvua bado inaunyemelea? Hapa mwanao Ocama ni mzima, tumbo mbele kama ofisa.

Kabla hujauliza, nikutoe wasiwasi: Aliga hafungwi. Mdogo wangu yuko huru, amelala hapa kwangu, anakoroma. Wale waliokuletea habari ya kifungo waje wakuombe radhi, na wewe ule sasa. Dada Peace ameniambia kwamba tangu siku ile hugusi chakula.

Ilikuwa hivi. Aliga alikuwa anapita na bodaboda yake karibu na soko, hana hata abiria. Mzee Fadhul, yule mshona kofia, akatokea ghafla barabarani, wakagongana. Fadhul akaanguka, kichwa kikapiga lami, akazirai. Aliga alishuka akamwinua. Lakini Koboko unaijua, Baba: mtu akianguka, watu hutoka hata chini ya ardhi, na kila mmoja ana jiwe lake. Akamwacha mzee mikononi mwa akina mama wauza nyanya, akakimbilia dukani kwangu na pikipiki yake.

Mimi ni mtu niliyetembea. Nimekula samaki wa Juba, nimelala Aru, ng'ambo kule Kongo, nauza vipuri vya pikipiki ambavyo waliovitengeneza wenyewe wamevisahau. Nikafikiri upesi. Nikampakia Aliga kwenye basi la Arua, aende kwa Peace kule Awindiri. Kisha nikaisukuma ile pikipiki hadi polisi, nikawaambia mwendeshaji ni mimi.

Usishangae. Ukoo ukikaa chini kusikiliza kosa la kijana, nani hujibu? Mkubwa wake. Mimi ndiye kifungua mimba wako. Nilidhani na mahakama iko hivyohivyo: mradi mtu wa nyumba ile amesimama, kesi imepata mwenyewe. Aliga ana mtoto anayenyonya. Mimi nina mdomo tu.

Askari wakafurahi, wakaniweka ndani. Kule selo nilikuwa mkubwa, nisikufiche. Walevi wote waliniita afande.

Mahakamani, hakimu, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasoma shitaka. Nikalikubali haraka, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, mkalimani akabaki hana kazi. Hakimu hakuridhika. Akasema mtu kukubali tu hakumtoshi, nieleze nilivyofanya. Nikaeleza vizuri, mpaka na kona ambazo barabara ile haina. Alipochoka kusikiliza akaniuliza nilipomwona mzee, breki ya mbele niliishika kwa mkono upi.

Baba, hapa ndipo penye siri yangu. Breki hizo nauza kila siku. Lakini ile safari ya Yei niliyokusimulia mara nyingi, nilikuwa nimepakiwa nyuma. Sijui kuendesha pikipiki. Nikajibu kushoto. Watu wakacheka mpaka askari wa mlangoni. Hapa Koboko hata kuku wanajua ni kulia.

Ndipo Aliga akasimama kule nyuma. Alisikia nimeshikwa, akarudi mwenyewe, Peace amemlilia asirudi. Akasema kaka yake hajui hata kuwasha, mwendeshaji alikuwa yeye.

Hakimu akavua miwani. Akaniambia kosa si gunia la muhogo, kwamba mwenye mgongo mpana atambebea mwenzake. Kila mtu hujibu alichofanya mkono wake. Na sheria huchungulia moyo pia: alikusudia, alizembea, au ni bahati mbaya.

Aliga akashikwa. Lakini Fadhul alipopata nguvu ya kusema, alisema kweli. Upepo ulichukua kofia yake, akairukia bila kutazama barabara. Kijana alikuja polepole, akafunga breki, akamwinua. Mwendesha mashtaka akaondoa shitaka. Aliga akaonywa tu kwamba aliyegonga mtu hukimbilia polisi, si kwa kaka. Tumempelekea mzee mbuzi, lakini hiyo ni heshima yetu, si hukumu ya mtu.

Na mimi? Mimi nina kosa langu: kuwadanganya polisi. Hakimu alisema nililikusudia kabisa, na hapo sina ubishi. Lakini adhabu, akasema, ilingane na kosa, na jela haitanifundisha kunyamaza. Kwa hiyo kila asubuhi nafagia uwanja wa hospitali, na Fadhul, akija kubadilishiwa bandeji, hunionyesha majani niliyoyaruka.

Jioni Aliga ananifundisha pikipiki. Jana niliingia nayo katika mahindi ya mama mmoja, nikalaza mstari mzima. Aliga akatangulia mbio kuomba msamaha. Nikamwita arudi. Nikaenda mwenyewe, nimejaa udongo, nikasema mahindi nimelaza mimi. Mama akauliza nani ananifundisha vibaya hivyo. Nikamwambia huyo hana kosa.

Nisalimie majirani wote wa Aroi, hata wale wa habari za kifungo. Chunga goti. Nikishajua breki zote mbili, nitakuja kukupakia twende Mvara kanisani, wewe nyuma, mimi mbele, polepole.

Mimi mwanao mtiifu,
Ocama