Arobaini ya Mzee na Finali ya Bekundu

Ijumaa, tarehe 15 Mai

Nimeamka. Nimesali. Chai bila sukari. Tena hiki chumba. Siku ya thelathini na moja tangu bwana yangu alikufa, na eda inataka miezi ine na siku kumi. Sitoki. Mwanaume asiye wa damu yangu anasema na mimi nyuma ya pazia ya dirisha.

Mwajuma, binti yangu, ndiye anaandika. Mi sikusoma shule. Kitabu hii ilikuwa ya baba yake, fundi mbao. Mbele kuna vipimo vyake: dirisha ya muntu wa Gitambi, kitanda ya muntu wa Ruhwa, mlango wa nani sijui. Nyuma karatasi ni nyeupe. Nikasema basi, nitasema humu. Ukuta umeshachoka na mimi.

Kwa jirani radio inapiga kelele tangu alfajiri. Finali ya kombe huko Ulaya, Bekundu ba jezi nyekundu na Bablu ba jezi ya blu. Mzee alikuwa wa Bekundu. Banasema kapiteni ya Bekundu amezeeka, hii ni mechi yake ya mwisho, ile kombe hajaishika hata siku moja. Goti yake ilivunjika mara mbili. Bantu bazima banalia mu radio juu ya goti. Goti yangu mimi, nani ameuliza?

Jumatatu, tarehe 18 Mai

Siku mbaya.

Bibi ya Mwalimu Idi amekuya. Mwalimu ndiye anatusomeshea hitma. Amekaa, amekunywa chai, amezunguka maneno kama kuku anatafuta fasi ya kutaga. Mwisho akatoa: banaume banaomba arobaini ya Mzee isukumwe Jumatatu. Juu ya nini? Jumapili saa tisa kuna finali.

Siye hitma tunaisoma hivi. Msahafu umegawanywa vitabu vidogo makumi tatu, juzuu makumi tatu, mu sanduku moja. Banaume makumi tatu, kila muntu anachukua moja, sala ya alasiri ikiisha, saa kumi hivi. Kabla jua haijaingia yote imesomwa na marehemu ameombewa. Kikibaki hata kimoja bila kusomwa, haijatimia.

Mzee alikufa Jumatano. Hesabu inaangukia Jumapili. Nikamwambia: mwambie Mwalimu, mimi siku ya kufa ya bwana yangu sikuichagua, na hii sitaichagua. Akasema, “Lakini Bibi, si haramu kusukuma.” Nikasema najua si haramu. Mingi si haramu na inauma.

Ameenda. Ndizi zangu amebeba.

Jumanne, tarehe 19 Mai

Nimechoka. Ile mpira imekula bwana yangu miaka makumi ine, sasa inataka na mifupa yake.

Siku Mwajuma alizaliwa, nilikuwa hapa ndani nalia, Mzee iko uwani na radio ku sikio. Mtoto akatoka, na nje Mzee akapiga kelele, akaruka, akaangusha ndoo ya maji. Bajirani bakakuya mbio kumpa mkono: hongera, hongera, amefurahia mtoto! Nami nikafurahi. Siku tatu nzima nilifurahi. Kumbe ilikuwa goli.

Mwajuma anacheka, hataki kuandika. Andika, ni habari yako.

Jumatano, tarehe 20 Mai

Bantu ba saloni ya video, pale banaangalia mpira, bametuma kijana kuuliza mabenchi. Mzee alitengeneza mabenchi saba, yanakaa hapa uwani, kila finali banakuya kuazima. Nikasema babebe. Siye tunakaa ku mikeka.

Bamebeba sita. Ya saba bameikataa, mguu moja inalegea.

Basi makalio yao itakaa ku mbao ya marehemu, na vinywa vyao havitamusomea. Nimesema hivyo kwa sauti. Kijana alisikia. Asikie.

Alhamisi, tarehe 21 Mai

Leo sina neno.

Ijumaa, tarehe 22 Mai

Mwajuma ametoka sokoni na hesabu. Ameuliza banaume mmoja mmoja. Shemeji yangu wa Gikundamvura: mvua inaharibu njia. Mvua gani? Fundi wa viatu: tumbo. Mwenye duka ya mchele: atajaribu. Muntu akisema atajaribu, usimpikie. Moja tu, dereva, alisema kweli: “Dada, kapiteni hatarudi tena. Nisamehe.” Huyo nimemsamehe. Bengine bado.

Mu radio sasa ni revanshi, kisasi. Eti miaka kumi imepita Bablu baliwapiga Bekundu, na kapiteni hajalala vizuri tangu hapo. Bantu banajua huyu mzungu alilala vipi! Mimi silali tangu mwezi wa ine, na jirani hajui.

Jioni Papa Furaha amegonga dirisha. Ni wa Bukavu, mkristo, anavuka daraja ya mpaka kila siku na vitenge vyake vya kuuza. Alikuwa rafiki ya Mzee, na wa Bablu mpaka ku soksi. Miaka makumi mbili hao babili banatukanana mbele ya mlango yangu.

“Maman Mwajuma, Jumapili nitakuya.”

“Utakuya kufanya nini? Weye utasoma?”

“Kusoma yenu sijui. Nitakaa.”

“Na Bablu yako?”

“Maman, nikiangalia ile mechi, nitamutukana nani? Ule mjinga ameniacha peke yangu.”

Nikamwambia, usiite bwana yangu mjinga mu eda yangu. Akasema, pardon Maman, ule mjinga marehemu. Nimecheka. Kisha nimelia. Pazia ni kitu nzuri.

Jumamosi, tarehe 23 Mai

Mchele umechambuliwa. Nyama ya bantu makumi tatu. Mwajuma anasema tupunguze. Nimekataa. Kama habakuyi, nyama itabaki na haya itakuwa yao.

Niko na woga. Niandikie hivyo, woga. Si ya nyama. Naona lile sanduku mu kichwa yangu, jua imeingia, na vitabu bado vimo ndani, havijasomwa.

Jumapili, tarehe 24 Mai

Mwajuma amechoka lakini nimemwambia leo tutaandika mpaka mwisho.

Saa kumi: bantu tisa. Mwalimu Idi, bazee batano, dereva wa Mwalimu, si ule wa “nisamehe”, na bandugu babili ba Mzee. Nimebahesabu kwa viatu, kupitia tundu ya pazia. Jozi tisa. Na nje, ku ile benchi ya mguu kulegea, Papa Furaha na koti yake ya kanisa.

Bakagawana. Tisa bakasoma tisa. Bakarudisha, bakachukua tisa zingine. Huko mjini kelele ilipanda, ikashuka. Pikipiki moja ikapita inapiga honi, na Papa Furaha akasimama mu njia: “Ewe! Hapa kuna maombi! Mpelekee mama yako honi!” Akakaa tena. Mkristo analinda hitma.

Mara ya tatu, Mzee Kasimu, moja wa bale bazee batano, macho ikamkatalia. Mwengine sauti ikakauka. Kazi ikaenda pole pole, jua ikawa ya manjano ku ukuta. Bakamaliza ishirini na sita. Bakachukua tena, bale benye nguvu. Niliona Mwalimu anaangalia mlango, anaangalia sanduku.

Kikabaki kimoja. Cha mwisho, juzuu ya Amma. Batatu bado banasoma vyao, bengine bamelegea kama nguo mbichi, na adhana ya magharibi iko karibu.

Nikasema nyuma ya pazia: “Mwalimu, hiyo ni yangu.”

“Bibi, unajua kusoma?”

“Sijui. Niko nayo mu kifua.”

Shangazi yangu alinipa hiyo yote ku mkeka, nikiwa mtoto, yeye anasema, mimi narudilia, tunachambua maharagi. Herufi sikuona hata moja. Lakini ile juzuu naisomaga nikifua, nikipika. Mzee alikuwa anapunguza radio yake akinisikia. Hiyo, alipunguzaga.

Mwalimu akatoa kile cha mwisho sandukuni. Kisha akapitisha kitabu chini ya pazia. Mwajuma akakifungua, anifuate kwa kidole, nikikosa aniguse. Nikaanza.

Hapo katikati ndipo mji ukapasuka. Kelele, filimbi, sahani, imbwa. Hata ukuta ilitetemeka. Muntu alikuwa ameshinda kule. Sikusimama. Mara moja sauti ilitaka kuvunjika, Mwajuma akanigusa mkono, nikaendelea. Nikafika ku sura ya mwisho. Nikamaliza. Adhana ikaanza, hata pumzi sikuwa nimevuta.

Sanduku ilijaa, vyote vimesomwa.

Nani ameshinda, sikuuliza. Hapa hakuna aliyesema.

Jumatatu, tarehe 25 Mai

Bantu banakuya kuchukua nyama. Sasa banakuya. Fundi wa viatu, tumbo imepona. Nimewapa. Sina nguvu ya kukasirika.

Mabenchi yamerudi. Tano. Ya sita bameivunja, baliruka juu yake.

Jumatano, tarehe 27 Mai

Asubuhi Papa Furaha amekuya ku dirisha. Ametoka makaburini. Mimi siwezi kwenda, eda hainiruhusu, yeye ameenda.

Amesema Bablu balishinda, ku penaliti. Ya mwisho ilikuwa ya kapiteni, akapiga juu, mbali.

“Ukamwambia Mzee?”

“Nimemwambia yote, Maman. Nimesimama pale, nimemutukana tangu penaliti ya kwanza mpaka ile ya mwisho. Yeye, kapiteni yake, na goti yake. Mlinzi wa makaburi akafikiri mi ni mwenda wazimu.”

“Na yeye?”

Papa Furaha akapanguza viatu vyake, udongo ya makaburi.

“Hakunijibu, Maman. Mara ya kwanza.”

Radio ya jirani leo inasoma bei ya mahindi. Nimemwambia Mwajuma ampelekee chai, na sukari. Nikasikia anakaa ku benchi, na ile mguu ikalia.

Mzee alisema ataikaza finali ikiisha.