Nishani Yenye Majina Mawili

Wawi, Pemba
2 Machi, 1959

Mdogo wangu mpenzi Kalunde,

Pokea salamu za damu moja. Mimi sijambo, ila magoti. Natumai mvua imewafikia huko Tabora, na kifua chako kimepoa.

Uliniuliza nishani yangu ya vita vya kwanza iko wapi, maana wajukuu zako wanataka kuiona. Nimechelewa kukujibu, na sababu si magoti.

Yuko mama hapa kisiwani, Bi Mwanawema wa Mtambile, anayehifadhi kumbukumbu za vita. Nyumba yake ni ya udongo, lakini kasha lake lingeitia haya ofisi ya serikali. Mna kikombe cha bati kilichotobolewa na risasi, leso iliyouzwa mwaka vita vya pili vilipokwisha, na barua za vijana waliokwenda kupigana na Wajapani huko Bama. Watu humletea wenyewe. Kila kitu amekifunga kitambaani pamoja na karafuu kavu, wadudu wasikiguse, na kila kimoja kina kikaratasi cha jina la mwenyewe. Jirani yake Hija alileta kofia ya askari asiyemjua. Akaambiwa kofia isiyo na mwenyewe akamvishe kuku.

Mwezi huu wa Shaaban aliniita nimwandikie upya vikaratasi vilivyofifia. Nilikwenda, ingawa nilikuwa nimeikwepa nyumba ile miaka thelathini na saba.

Mumewe, Jecha, alikuwa mpagazi mwenzangu vitani. Nilimzika Rufiji kwa mikono yangu. Nilipokuja Pemba nilimpelekea mkewe habari, naye akauliza mumewe ameacha nini. Hakuacha hata kamba. Nikatoa nishani yangu, nikasema ni ya Jecha.

Sasa akaifunua mbele yangu, imesuguliwa kwa majivu na ndimu hadi inang'aa, akaniambia niandike majina mawili. Zamani karani mmoja alimsomea jina lililochorwa ukingoni: Mihambo. Yeye akaona serikali imechanganya nishani za maiti wawili. Na kwa kuwa huyo Mihambo pengine hana wa kumwombea, kila Shaaban humsomea hitima pamoja na Jecha. Akaniuliza kama nilimjua, apate walau jina la babaye.

Kalunde, miaka yote hiyo nimeombewa rehema za kaburini, nami nipo Wawi nala mihogo!

Nikamwambia kuwa Mihambo ni mimi, kabla sijasilimu na kuitwa Abdulrahman, na kwamba nilimdanganya. Alikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akacheka hata ukaya wa kichwani ukamwanguka, akasema kumbe ndiyo maana sifi. Halafu kicheko kikakatika. Akauliza kama na kaburi lile lilikuwa uongo. Nikaapa kuwa ni la kweli: nilimlaza Jecha kilimani, mafuriko yasimfikie, ubavu wa kulia, uso kibla, kama alivyoniusia.

Akataka kunirudishia nishani, nikakataa. Basi akaniamuru niandike, akisimamia kila herufi ingawa hajui kusoma: “Ya Mihambo. Amana kwa Jecha.”

Waambie wajukuu nishani ipo, inatunzwa kuliko mwenyewe. Nisalimie nyumba nzima, na wanaoniuliza waambie bado nipo, kwa dua za watu.

Kaka yako,
Mihambo