Lazima na Marufuku za Jenista

Jumanne.

Ni wivu, basi. Naukiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Kanuni za kupokea samaki pale kiwandani niliziandika mimi, kwa adabu zangu zote: "Tunaomba sangara wafike wakiwa na barafu." Wapokeaji wakaona ni ombi tu, wakapokea mzigo usio na barafu, ukaharibika.

Leo Jenista, mgeni kabisa kazini, ameziandika upya: "Sangara lazima awe na barafu. Ni marufuku kupokea aliyelegea." Bosi akasema, "Sasa hata mlinzi anaelewa." Nimetafuta kosa mchana kutwa, sijaliona.

Nyumbani Buswelu nikamsimulia mume wangu. Akasema, "Huyo dada ana akili."

Nikamwambia ni marufuku kumtaja humu ndani.

Amenielewa mara moja.