Krenki Isiyolia

Injini ya lori la baba yako imekamilika, Nekesa, na krenki iliyo ndani, ule mhimili wa chuma unaozungusha magurudumu, nimeichagua mimi. Sasa pokea salamu za bibi yako. Huku Kinoo sote wazima.

Umeuliza utajuaje krenki nzuri ilhali zote zinang'aa. Nikiwa msichana niliosha vipuri kwa fundi Singh, mjini. Mimi ni binti wa mfinyanzi: chungu ukikigonga kikilia, nunua, kikinyamaza, kina ufa. Siku moja niligonga krenki iliyoning'inia kwa kamba, ikanyamaza. Niliogopa kuchekwa, nikaipaka mafuta nikampa fundi, akaifunga kwenye lori la karakana. Ilikatika mlimani, lori likarudi nyuma na dereva wetu. Alipona, lakini mguu mmoja haukupona. Kila asubuhi alinisalimia vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza.

Basi baba yako alipoleta krenki yake, eti ngumu ya kuhimili turbo kubwa, ile feni ya kuiongezea injini nguvu, niliigonga. Kimya.

"Mama, hii si sufuria."

"Ingekuwa sufuria ningelala."

Akairudisha dukani akinung'unika. Ya pili ililia kama kengele ya kanisa. Huyo mwanangu ni fundi hodari, lakini masikio haya hana.

 Hata hivyo, chuma kimoja tu nimekisikia. Vingine vyote je? Baba yako anataka kulipandisha lori mlima likiwa limejaa mchanga. Nimemwambia hatawasha kabla hujafika ukagonga mwenyewe kila kinachogongeka. Ndugu zako wote wanakuja kuliona likiwashwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Wewe njoo Ijumaa.