Majina ya Ng'ombe mu Kave

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa sita

Eh Kasiri, kadaftari kangu, amka! Maziwa nimesha kufikisha ku barabara. Bidon mbili. Mugongo inauma. Huku kwetu Bihambwe iko baridi kama kawaida.

Mama anakamua bila kusema. Ng'ombe zetu hazina majina, siye peke yetu ku kilima yote. Anaziita "weye" tu. Batu banachekaka.

Niko na miaka kumi na tisa, kutengeneza telefone nilijifunza mi mwenyewe, na leo nakosa waya. Najua kwenye iko: mu nyumba ya muzungu, kule juu. Mama hataki hata nitaje ile nyumba.

Nitaenda.

Siku ya pili, tarehe 4

Nilienda! Madirisha hakuna. Mupera umeota mu salon, iko na matunda. Nilikula mbili.

Zamani muzungu alikuwa anatengeneza fromage, ile jibini ya maziwa, anaziweka mu kave, kile chumba cha chini ya nyumba. Kisha vita ikakuya, muzungu akakimbia. Batu ya bunduki bakafungia batu mule. Bengine habakutoka.

Nilishuka na torche ya telefone. Ku ukuta, muntu alichora na musumari:

Bihogo. Gaju. Sine. Gitare.

Majina ya ng'ombe. Chini yake: Tuliza.

Jina yangu.

Nilikimbia. Waya nikasahau.

Siku ya ine, tarehe 6

Sijaambia mama. Naogopa.

Papa alitoka na ng'ombe ine, mama akiwa na mimba yangu. Hakurudi. Batu bakasema aliuzisha ng'ombe, akaoa mwanamuke mwengine kule Walikale. Mama aliamini. Na mi pia. Nimemuchukia papa maisha yangu yote.

Na leo mubaya zaidi. Papa Kambale, mucuruzi wa Butembo, amenunua ile nyumba, anataka kuweka depot ya bidhaa yake. Nilimuuliza: hata kave?

"Weye kafundi ka telefone, unataka kulala mule na bazimu? Siku ya kwanza inakuya bafundi banapaka sima, simenti, kila fasi!"

Alicheka sana. Mi hapana.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 8

Nilisema. Mama alikuwa anakamua. Nikataja majina ine, polepole. Mikono yake ikasimama.

"Nani alikuambia bile?"

Nikataja ya tano, na kwenye nilisoma. Akanigeukia. Kisha:

"Tuliza. Tulichagua siye babili tu, ile asubui, mbele atoke. Sikuambia muntu mpaka ukazaliwa."

Akaacha ndoo, akavaa bottes za matope, akatangulia. Miaka kumi na tisa hajapanda ile njia, na nilishindwa kumufikia!

Mu kave alipitisha kidole ku kila jina. Ku ya mwisho kidole ikabaki.

"Alikuwa hapa. Hakutukimbia."

Hakulia. Mi njo nililia. Papa, unisamehe.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Papa Kambale nilimuelezea yote jana, kisha misa kuisha. Akavua kofia. Hakuna mucheko.

"Bafundi batangoya, binti yangu. Museme tu: ule ukuta tuuache vile, ao bakate kile kipande, mukibebe kwenu."

Nikamuuliza mama.

"Weye njo uko wa mwisho ku ule ukuta. Uamue weye."

Asubui hii alikamua akiita. Ile ndogo ya rangi ya udongo aliiita Gaju. Ikageuza kichwa. Pengine ilikuwa nzi tu. Akaiita tena, kwa sauti ya chini, sijawahi kumusikia nayo.

Nimekaa ku bidon, maziwa inapoa. Kule mu kave njo fasi papa alitushika mu kichwa mpaka mwisho. Huku nyumbani njo kwake.

Kasiri, weye ungefanya je?